Meya Anapong'atuka Tumhesabie Kazi Yake

Kila baada ya miaka mitano mabaraza ya madiwani katika miji yetu huvunjwa, na mameya huvua joho na mkufu. Aghalabu kabla ya siku hiyo kufika huandaliwa hafla. Meza hutandikwa vitambaa vyeupe, kikundi cha ngoma huitwa, wasifu husomwa, na wasemaji husimama mmoja baada ya mwingine kueleza kwamba mheshimiwa alikuwa mchapa kazi, msikivu na mpenda maendeleo. Kisha hutolewa kinyago, au picha kubwa ndani ya fremu, au jokofu. Watu hupiga makofi, hula, na kuondoka. Lakini kesho yake asubuhi ukimwuliza karani wa masijala, au mwalimu aliyealikwa kwenye hafla hiyo, kwamba meya huyo hasa alifanya nini, utapata jibu refu lisilokuwa na jina la mtaa, wala tarehe, wala kiasi.

Sisi hatuna ugomvi na ngoma wala na jokofu. Mtu aliyeutumikia umma anastahili kushukuriwa, na kushukuriwa hadharani. Tunachosema ni kwamba shukrani isiyokuwa na hesabu ni heshima nusu. Walimu wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko watu wengine. Mwalimu hawezi kuandika kwenye ripoti ya mwanafunzi neno "amejitahidi" kisha akaacha safu ya alama tupu. Mzazi makini ataona mara moja kwamba hapo kuna jambo limefichwa, au mwalimu hakusahihisha kazi. Vivyo hivyo kwa mtumishi wa umma. Kumtajia mema yake bila kuyapima, na kuyapita kimya mapungufu yake, ni kumwonyesha kwamba kazi yake haikuwa na uzito wa kutosha kuchunguzwa.

Kwa ajili hiyo leo tunapenda kuwasimulia wasomaji habari za meya mmoja wa mbali, ambaye muda wake wa utumishi ulikuwa mrefu kiasi cha kuwezesha hesabu kamili kufanywa. Jina lake ni Joseph P. Riley. Alishika umeya wa mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, mwezi Desemba 1975, akiwa na umri wa miaka 32. Alikiacha kiti hicho mwezi Januari 2016, siku aliyotimiza umri wa miaka 73. Kwa muda huo wa miaka 40 alichaguliwa na wapiga kura mara kumi. Hatumleti hapa kama malaika, wala hatudai kwamba miji ya Marekani ni kioo cha miji yetu. Tunamleta kwa sababu katika hesabu yake kuna mambo ambayo kila diwani, kila mkurugenzi na kila mwalimu wa uraia angefaa kuyatafakari. Na pia kwa sababu mji wenyewe unatuhusu.

Charleston si mji wa kawaida kwa mtu yeyote mwenye asili ya Afrika. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani waliingilia katika bandari hiyo. Kando ya Mto Cooper kulikuwa na gati la mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Christopher Gadsden. Kuanzia mwaka 1806 gati hilo ndilo lililowekwa kuwa mahali pa kuteremshia watu waliokuja wamefungwa minyororo, mpaka sheria ya Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, tangu Januari 1, 1808. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Lakini meli kadhaa za miaka hiyo ya mwisho zilitoka pwani ya Msumbiji, yaani upande wetu wa bara. Mtu wa Kilwa au wa Mtwara anaposoma habari za gati hilo, basi, hasomi habari za wageni watupu.

Tena ni katika bandari hiyohiyo, Aprili 1861, ilipofyatuliwa mizinga iliyoanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakati majimbo ya kusini yalipojitenga ili yaendelee kumiliki watu. Na zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1969, wafanyakazi wa hospitali za mji huo, wengi wao wanawake Weusi wa mishahara ya chini kabisa, waligoma kwa zaidi ya miezi mitatu wakidai ujira wa haki na kuheshimiwa kazini. Askari walimwagwa mitaani na amri ya kutotembea usiku ikatangazwa. Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, alikwenda kuandamana nao. Huo ndio mji aliokabidhiwa Riley miaka sita tu baada ya mgomo huo.

Yeye mwenyewe ni Mzungu, mzaliwa wa mji huo, mwanasheria, na alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo tangu 1968 hadi 1974. Hakutoka katika mitaa ya wanyonge. Lakini alishinda kwa kura za Weusi na Weupe pamoja, na aliingia madarakani kwa ahadi kwamba raia Weusi watakuwa na sehemu yao katika uendeshaji wa mji. Mwaka 1982 alimteua Reuben Greenberg kuwa Mkuu wa Polisi, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho mjini hapo, na Greenberg akakaa nacho mpaka mwaka 2005. Katika mji ambao polisi kwa vizazi vingi walikuwa chombo cha kumtisha Mwafrika, uteuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko hotuba ishirini.

Hapana budi hapa tueleze tofauti moja ya utaratibu, ili msomaji asipime kwa kipimo kisichofaa. Kwetu sisi meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao wenyewe. Yeye ni mwenyekiti wa baraza, lakini mtendaji mkuu ni mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Kwa hiyo barabara ikijengwa au isijengwe, si rahisi kusema ni sifa au ni lawama ya nani. Isitoshe, serikali zetu za mitaa zimekatizwa mara kwa mara. Zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Mabaraza ya miji yakarudi mwaka 1978. Sheria mpya zikatungwa mwaka 1982. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena mwaka 1996 na mahali pake pakawekwa Tume mpaka mwaka 2000, na mwaka 2021 muundo wake ukabadilishwa upya. Kila mkatizo ulikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa nzito. Lakini kila mkatizo umehamisha majalada pia. Sheikh Amri Abedi, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, anakumbukwa kwa mashairi yake, kwa sheria za utunzi alizoziandika, na kwa uwanja wa michezo wa Arusha wenye jina lake. Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kusema aliufanyia nini mji alipokuwa meya?

Charleston utaratibu ni mwingine. Meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, huongoza vikao vya baraza, na papo hapo ndiye mtendaji mkuu. Hana wa kumsingizia. Kwa hiyo tunaweza kufungua daftari lake na kusoma.

Tuanze na ukingo wa mto. Riley alipoingia madarakani, sehemu ya ukingo wa Mto Cooper iliyo karibu na katikati ya mji ilikuwa na magati yaliyooza, magugu, na viwanja vya kuegesha magari. Wenye fedha waliona pale mahali pazuri pa kujenga majumba ya ghorofa ya kuuza, ambayo mandhari yake ya mto yangeonekana na wenye nyumba tu. Hoja yao tunaijua, kwani tunaisikia kila siku hata huku: kodi itaongezeka, ajira zitapatikana, eneo limekaa bure. Meya alikataa. Alishikilia kwamba mahali palipo bora kuliko pote katika mji ni mali ya mji mzima. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kutafuta ardhi, fedha na michoro, na mwaka 1990 ikafunguliwa bustani ya umma yenye urefu wa karibu nusu maili kando ya maji, yenye miti, mabenchi, bembea na chemchemi ambazo watoto huruhusiwa kuchezea.

Msimamo uliokuwa nyuma ya uamuzi huo aliurudia katika maisha yake yote ya umeya, nasi tunaona unastahili kufikiriwa kwa makini. Tajiri ana bustani yake nyuma ya nyumba. Ana gari la kumtoa mjini mwisho wa juma, na ana nyumba ya mapumziko ufukweni. Maskini hana hata kimoja katika hivyo. Alichonacho ni njia ya kupita, uwanja wa umma, kivuli cha mti wa serikali, na ukingo wa mto kama haujazungushiwa ukuta. Kwa hiyo kitu cha umma kikiwa kibovu, anayeumia ni yule asiyekuwa na kitu kingine. Hapo ndipo lilipo jibu kwa wale wanaosema kwamba bustani na kivuli ni anasa, na kwamba nchi maskini zishughulikie kwanza mambo ya maana. Wakazi wa miji yetu ya pwani, ambao wanajua ni fukwe ngapi walizokuwa wakiogelea utotoni leo zina geti na mlinzi, hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili.

Aliufuata msimamo huohuo katika makazi. Ilikuwa desturi ya miji ya Marekani kuzirundika nyumba za watu wa kipato cha chini mahali pamoja, majengo makubwa yanayofanana, yaliyotengwa na mji, mpaka anwani peke yake ikatosha kumnyima mtu kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Charleston ilijenga zaidi ya nyumba mia moja za aina hiyo kwa namna nyingine: nyumba chache mtaa huu, chache mtaa ule, kwenye viwanja vilivyokuwa vitupu, zikifuata umbo la nyumba za jadi za mji, zenye baraza ya ubavuni. Wapo majirani waliopinga kwa hofu kwamba mitaa yao itaharibika. Zilipokwisha, mpita njia hakuweza kutambua ipi ni nyumba ya serikali na ipi ni ya mtu binafsi. Mtoto aliyetoka katika nyumba hiyo kwenda shule hakutoka na alama usoni.

Jambo jingine ambalo walimu watalipenda ni kwamba meya huyu aliamini kuwa mameya hawana budi kwenda shule. Aliona kwamba meya hutia sahihi michoro ya barabara, masoko na majengo yatakayokaa miaka mia moja, wakati hajapata kufundishwa hata siku moja namna ya kusoma mchoro. Kutokana na mawazo yake ilianzishwa mwaka 1986 taasisi ya kuwakutanisha mameya wachache kwa siku chache na wasanifu majengo na wapangaji miji. Kila meya huja na tatizo moja la mji wake, na hapo hulichambua mbele ya wataalamu bila ya hotuba na bila ya waandishi wa habari. Mameya zaidi ya elfu moja wamekwisha kupitia hapo. Tunaitaja taasisi hii kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa wapangaji miji wetu ni wengi kuliko mikutano yao na madiwani.

Yapo mengine tutakayoyapita upesi. Usiku wa Septemba 21 kuamkia 22, 1989, kimbunga kilichoitwa Hugo kiliupiga mji, kikaezua mapaa na kukata umeme, na meya akakesha katika jengo la manispaa pamoja na watumishi wake. Waliompinga na waliomuunga mkono wanakubaliana kwamba alilimudu jambo lile. Mwaka 1994 aliwania kuteuliwa na chama chake cha Democratic kugombea ugavana wa jimbo, akashindwa, akarudi kwenye meza yake ya umeya.

Tunafika sasa kwenye bendera. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Wamarekani Weusi walipokuwa wakidai haki zao, wakuu wa South Carolina walipeperusha juu ya kuba la jengo la serikali ya jimbo, mjini Columbia, bendera ya vita ya majimbo yaliyopigania utumwa. Ilikaa pale miaka karibu 40. Kwa raia Mweusi aliyekwenda kulipa kodi au kudai haki yake katika mji mkuu wa jimbo lake, bendera ile ilimweleza, kabla hajafungua mdomo, jinsi alivyohesabiwa. Mapema mwaka 2000 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kutaka iteremshwe. Aprili mwaka huo Riley, Mzungu wa kusini, meya wa mji ulioanzisha vita vile, alitoka Charleston kwa miguu kwenda Columbia, safari ya siku tano ya zaidi ya kilometa 180, akifuatana na wananchi wa rangi zote.

Bendera haikuwa katika mamlaka yake. Hakuna kifungu cha sheria kilichompa meya wa Charleston neno lolote juu ya kuba la Columbia. Angeweza kabisa kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba suala hilo liko ngazi nyingine. Alijua pia kwamba katika jimbo lake kura za watu wanaoipenda bendera ile ni nyingi, na kwamba safari ile ingemfungia njia ya vyeo vikubwa zaidi. Bendera iliteremshwa kutoka kwenye kuba Julai 1, 2000, lakini kwa mapatano ya nusu nusu, kwani ilihamishiwa kwenye mlingoti uliosimikwa mbele ya jengo hilohilo.

Hiyo ni safu ya kulia ya daftari. Safu ya kushoto nayo ina maandishi.

Mji uliopendezeshwa ulivuta watalii, watalii wakavuta mahoteli, mahoteli yakavuta matajiri wa kutoka kaskazini waliotaka nyumba ya pili. Bei za ardhi zikapanda, na kodi za majengo zikapanda nyuma yake. Familia za Weusi zilizokuwa zimeishi katika rasi ya mji kwa vizazi zikauza na kuhama, wengine kwa hiari, wengi kwa kushindwa. Mwaka 1980 karibu nusu ya wakazi wa Charleston walikuwa Weusi. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta chini ya robo. Ni kweli kwamba mipaka ya mji ilipanuliwa mno katika miaka hiyo na kuingiza vitongoji vya Weupe, kwa hiyo hesabu si ya moja kwa moja. Lakini hata katika rasi yenyewe, ambayo mipaka yake ni maji, Weusi waliokuwa wengi sasa ni wachache. Bustani ya mtoni ipo, na ni ya wote. Ila mama aliyegoma mwaka 1969, akitaka mjukuu wake aichezee bustani hiyo, huenda sasa hana budi kumpakia basi. Huyu ni meya aliyefahamu vizuri thamani ya ardhi ya umma, lakini hakupata dawa ya soko la ardhi ya watu binafsi. Nasi, kwa heshima zote, tunaona kwamba nyumba mia moja na ushei zilikuwa chache mno mbele ya wimbi alilolifungulia mlango mwenyewe.

Tena Juni 18, 2007, duka la samani liliwaka moto na paa likawaangukia askari wa zimamoto. Tisa wakafa. Jopo lililoundwa na mji wenyewe lilichunguza, likatoa taarifa isiyobembeleza: uongozi wa zimamoto ulikuwa umebaki nyuma ya wakati, mafunzo na vifaa havikutosha, na amri katika eneo la moto haikuwa na mpangilio. Mwaka huo Riley alikuwa na miaka 32 madarakani. Hapakuwa na mtangulizi wa kulaumiwa.

Na hapo linazuka swali ambalo wanaomsifu hawapendi kuliuliza. Je, ni vizuri mtu mmoja kukaa kwenye kiti kimoja miaka 40, hata akiwa mwema, hata akichaguliwa kwa haki mara kumi? Sisi tuliopewa neno kung'atuka na Mwalimu Nyerere, aliyelichukua katika Kizanaki na kulitenda yeye mwenyewe mwaka 1985, hatuwezi kulikwepa. Idara inayoongozwa na mtu yuleyule, anayeaminiwa na meya yuleyule, huzoea makosa yake mpaka yakawa desturi. Tunaamini kwamba kilichotokea kwa zimamoto wa Charleston kilikuwa na mkono wa mazoea hayo. Lakini kwa upande mwingine, bustani iliyochukua zaidi ya miaka kumi isingekwisha kama kila baada ya miaka minne angekuja meya mwenye ramani mpya. Msomaji atapima mwenyewe. Sisi tunaelekea kuona kwamba miaka 40 ilizidi, na kwamba aliyezidisha si yeye peke yake bali pia mji uliozoea kutofikiria mtu mwingine.

Mwaka wake wa mwisho ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Jioni ya Juni 17, 2015, kijana Mzungu aliingia katika kanisa la Emanuel, mojawapo ya makanisa makongwe ya Weusi kusini mwa Marekani, akakaribishwa katika darasa la Biblia, akaketi nao, kisha akawapiga risasi na kuwaua watu tisa, akiwamo mchungaji Clementa Pinckney aliyekuwa pia seneta wa jimbo. Kanisa hilo lina historia ndefu. Denmark Vesey, mtu huru aliyenyongwa mwaka 1822 kwa tuhuma za kupanga maasi ya watumwa, alikuwa muumini wa kanisa la Waafrika lililolitangulia. Mji ambao ungeweza kuwaka haukuwaka. Jamaa za marehemu walisimama mahakamani wakasema maneno ya msamaha yaliyoishangaza dunia, na sifa ya kwanza ni yao. Lakini watu walipotoka barabarani, walishikana mikono Weusi kwa Weupe wakiwa na meya na polisi ambao, kwa kiasi fulani, walikuwa wamejifunza kuwaamini. Uaminifu wa namna hiyo haujengwi kwa wiki moja. Julai 10 ile bendera iliondolewa kabisa katika viwanja vya Columbia, miaka 15 baada ya safari ya miguu.

Miezi sita baadaye Riley alikabidhi ofisi. Zilifanyika hafla, na uwanja wa mpira wenye jina lake ulikuwapo tangu mwaka 1997. Lakini alikuwa na deni moja alilojiwekea mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alisoma kitabu cha Edward Ball, mwandishi ambaye wazee wake walikuwa wamiliki wakubwa wa watumwa pembezoni mwa Charleston, na ambaye aliwatafuta wazao wa watu waliomilikiwa na ukoo wake ili asikie upande wao. Kitabu hicho kilimwonyesha meya kwamba katika mji wake wenye makumbusho na majumba ya kihistoria kila kona, historia ya walioyajenga majumba hayo haikuwa na nyumba. Mwaka 2000 alitangaza kwamba mji utajenga makumbusho ya Wamarekani wenye asili ya Afrika. Miaka 16 baadaye, alipokuwa akiondoka madarakani, hapakuwa na hata tofali moja.

Aliendelea bila cheo. Alizunguka kuomba fedha kwa serikali ya jimbo, kwa makampuni na kwa watu binafsi, mpaka zikapatikana zaidi ya dola milioni 100. Mahali palipochaguliwa ni penyewe, pale lilipokuwa gati la Gadsden. Sehemu ya ardhi hiyo mji ulikuwa umekwisha kuiuza, ukalazimika kuinunua tena kwa bei ya juu, na hilo nalo liandikwe katika safu ya kushoto. Ufunguzi uliopangwa Januari 2023 uliahirishwa kwa sababu mitambo ya hewa haikuweza kudhibiti unyevu ndani ya jengo. Hatimaye milango ilifunguliwa Juni 27, 2023, na Riley alikuwapo katika sherehe hizo, mzee wa miaka 80 asiyekuwa na mamlaka yoyote katika mji.

Jengo hilo limeinuliwa juu ya nguzo 18, futi 13 kutoka ardhini, ili pale waliposhushiwa watu pasiwekwe kitu chochote. Mtu anaweza kutembea chini yake bila ya kulipa kiingilio mpaka ukingoni mwa mto. Hapo kuna kidimbwi chembamba ambacho sakafu yake imechorwa maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu, kama walivyopakiwa melini. Maji hujaa yakawafunika, kisha hupwa wakaonekana tena.